Hamira imefunikwa haina pumzi, sasa unga unaumuka vipi? Jibu kwa dada wa Langoni

Waalaykum salaam dada yangu wa Langoni, ahsante kwa swali na samahani nimechelewa kujibu, wiki hizi mbili tulikuwa na mitihani na nilikuwa nasahihisha mpaka usiku. Kwa wale ambao hawakuliona swali: dada huyu anapika mahamri ya kuuza pale Lamu, anaamka saa tisa usiku, na bintiye wa kidato cha pili alimuuliza jikoni, "Mama, shuleni tumeambiwa kiumbe kinapata nguvu kwa kuunguza sukari na oksijeni, sasa hio hamira umeifunika na kitambaa na sinia juu, tena donge lote limeshikana, inapumua wapi? Na mbona unga unaumuka vile vile?" Mama akakosa la kusema. Na akaongeza lake mwenyewe, kwamba sukari inakuwaje nguvu, manake yeye kila siku anaitia na anachoona ni inayeyuka tu basi. Tena akauliza kama nguvu yote inakamatwa, na kwa nini miezi ya kusi unga unachelewa kuumuka.

Nkwambie ukweli, hilo swali la mtoto limenifurahisha kuliko mengi ninayoulizwa darasani hapa Malindi. Mtoto amekamata palepale penye kasoro. Kasoro iko kwenye hilo neno "kuunguza". Tunalitumia sisi walimu kwa sababu ni rahisi, lakini seli, ile chembe ndogo inayojenga kila kiumbe hai, haiunguzi kitu. Seli inaivunja sukari kidogo kidogo, hatua moja baada ya nyingine, na oksijeni haiingii kabisa mpaka mwisho wa safari, tena mwisho wa mwisho. Sasa kuna viumbe wanaoweza kushukia njiani kabla ya kufika huko kwenye oksijeni na wakaishi. Hamira ni mmoja wao. Na hata wewe, vipande fulani vya mwili wako saa hii unaposoma vinafanya hivyo hivyo.

Hebu anza na kuunguza kwenyewe ndo uone tofauti. Chukua kijiko cha sukari ukitie kwenye sufuria kavu juu ya jiko. Itayeyuka, itageuka manjano, alafu hudhurungi, harufu nzuri, alafu ghafla moshi unatoka na kinabaki kitu cheusi kimeganda na sufuria yako imeharibika. Kile cheusi ni kaboni. Ukiendelea kukiunguza mpaka kiishe chote, gramu moja ya sukari itakuwa imetoa kama kilokalori nne, na hizo hizo nne ndo zinapatikana sukari hio ikipita mwilini mpaka ikaisha. Hesabu haibadiliki. Kinachobadilika ni kwamba kwenye sufuria zote zimetoka kama joto, kwa mkupuo, na joto haliwezi kukunja msuli wala kupeleka ujumbe kwenye ubongo, linapasha tu alafu linapotea. Na seli ni kitu kidogo laini, ukiitolea joto lote hilo mara moja inaiva.

Kwa hivyo seli inataka ile nguvu, lakini inaitaka kwa vipande vidogo vinavyotumika. We hili walijua vizuri, si alfajiri huwa anakuja mteja wa kwanza anataka mahamri mawili na kakunjua noti ya elfu moja? Pesa anayo, lakini haisaidii kitu, huna chenji. Basi glukosi, ile sukari ndogo inayovunjwa na seli, ndo hio noti ya elfu. Chenji ya seli inaitwa ATP, yaani adenosini trifosfeti, ni kitu kidogo chenye mkia wa fosfeti tatu, na ile fosfeti ya mwisho ikikatwa nguvu kidogo inatoka ya kufanyia kazi moja: msuli kuvuta, seli kusukuma chumvi nje, protini kuungwa. Ikishakatwa inabaki na fosfeti mbili na inarudi kuungwa tena. ATP iliyomo mwilini mwako saa hii hata haifiki uzito wa pakiti ya unga, ni kidogo kabisa, lakini inakatwa na kuungwa tena na tena mchana kutwa, ukijumlisha mizunguko yote ya siku nzima unapata uzito unaokaribia wako mwenyewe. Mara ya kwanza kusoma hivyo nilidhani wamekosea kuchapa.

Sasa noti inavunjwaje. Glukosi ina kaboni sita. Inaingia kwenye seli, ndani ya ule ute, si kwenye mitokondria bado, yaani vile vyumba vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza ATP nyingi, na inakutana na enzaimu kumi zilizojipanga, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemia, kila moja inafanya kazi moja tu ndogo na kumpa mwenziwe. Njia hio inaitwa glaikolisisi. Cha ajabu ni kwamba mwanzoni seli inatoa badala ya kupokea, inalipa ATP mbili kwanza ili kuichokoza glukosi na kuitia fosfeti. Ni mtaji, kama wewe kununua unga na mafuta na iliki kabla hujauza hata hamri moja. Alafu glukosi inapasuka katikati, kaboni tatu huku na tatu huku, na kila kipande kinaendelea kugeuzwa mpaka kinakuwa kitu kinaitwa piruveti. Katika kugeuzwa huko zinaungwa ATP nne. Toa mbili za mtaji, faida ni mbili. Oksijeni imetumika wapi? Hakuna. Hata chembe.

Ungedhani basi hamira ingekaa hapo na ATP zake mbili ikatosheka. Lakini kuna tatizo moja, na ukilielewa hili umeelewa kila kitu kuhusu donge lako, kwa hivyo ntalikalia kidogo.

Glukosi inapovunjwa, kuna elektroni zinatoka, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Haziwezi kuachwa zikazurura ndani ya seli, zitaharibu vitu. Lazma zibebwe. Na mbebaji anaitwa NAD. Mimi darasani huwa nawaambia wanafunzi NAD ni punda, na wanafunzi wa Malindi hucheka tu kwa sababu hapa mizigo inapanda tuktuk, lakini wewe mtu wa Lamu utanielewa. Fikiria kuna nyumba inajengwa ndani kule Mkomani, mchanga unateremshwa jahazini pale gatini, na kuna punda wawili tu. Punda anapakiwa shogi, anapanda kwenye vichochoro, anateremsha, anarudi mtupu. Kazi inaenda. Sasa sema huko juu fundi kafunga mlango kaenda zake. Punda wa kwanza kafika na mzigo, hana pa kuuteremsha, kasimama. Wa pili vile vile. Kule gatini mchanga upo tele, watu wa kupakia wapo, lakini hakuna punda mtupu, basi kazi yote imesimama. Kilichokosekana ni punda mtupu na si mchanga.

Ndani ya seli ni hivyo hivyo. NAD ni chache. Zikijaa zote elektroni na hazina pa kuziteremsha, glaikolisisi inasimama hata kama seli imezama kwenye sukari, na hata zile ATP mbili haipati, inakufa na sukari mdomoni.

Sasa fundi anayepokea mzigo huko juu, mwisho wa njia, ndo oksijeni. Ndani ya donge lako hakuna. Kile kidogo kilichoingia ulipokuwa unakanda kinaisha upesi. Basi hamira inafanya ujanja: inachukua ile piruveti, ambayo ni bidhaa yake yenyewe, inaitoa kaboni moja, hio kaboni inatoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi, na kile kilichobaki inakitwika zile elektroni za punda. Punda katua mzigo, yuko mtupu, anarudi kazini. Na hicho kilichotwikwa kimegeuka kuwa alkoholi, na hamira inaitupa nje.

Umeona? Alkoholi kwa hamira ni takataka, ni mahali pa kumwaga mzigo tu. Na ile hewa ndo inanaswa kwenye donge, kwa sababu umelikanda vizuri na unga wa ngano ukikandwa unafanya nyuzi zinazovutika kama mpira, hewa inataka kutoka inashindwa, inatengeneza vishimo. Ukikata hamri ukaona pale katikati wazi, wewe na hamira yako mmeshirikiana.

Najua swali linalofuata kwa hivyo nilijibu kabisa: ndio, ndani ya donge lililoumuka kuna alkoholi kidogo, na likiingia kwenye mafuta ya moto nyingi inaruka na mvuke. Hayo mengine ya fiqhi waulize wenyewe, mimi ni mtu wa maabara. Lakini huku kwetu Malindi ukitoka nje ya mji kidogo utaona jambo hilo hilo bila ya unga. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, kile anachoteremsha kikiwa kibichi ni tamu kama maji ya sukari, watoto wanapewa. Mchana hakinyweki na mtoto tena, kimekuwa tembo, ile pombe ya mnazi, na kinatoa povu. Kikikaa siku mbili tatu kimekuwa siki. Hamira za hewani na zilizomo kwenye kibuyu zimekula sukari na kutupa alkoholi, alafu wakaja bakteria, ambao wao oksijeni wanayo, wakaichukua ile alkoholi ambayo kwa hamira ilikuwa taka wakatoa humo nguvu, na taka yao ndo siki. Taka ya huyu chakula cha yule.

Hasara ya njia hii ni kwamba faida ni ndogo mno. ATP mbili, wakati glukosi ile ile ikifika mpaka mwisho ingetoa kama thelathini. Ile nguvu nyingine yote imebaki ndani ya alkoholi, ndo maana spiriti inawaka. Kwa hivyo hamira isiyo na hewa inakula sukari kwa fujo ili kufidia. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliligundua hili zamani, karne ya 19, kwamba hamira ukiipulizia hewa inatumia sukari kidogo na kuzaana sana, na ukiinyima inatumia sukari nyingi na kuzaana kidogo. Ingawa hapa niongeze kitu ambacho mwalimu wa bintiyo pengine hatakisema: hamira ya mikate ukiipa sukari nyingi sana inatengeneza alkoholi hata kama hewa ipo. Ina tabia ya pupa. Bora imalize haraka wengine wasipate.

Huyo Pasteur alishikilia kwamba hakuna kuchachuka bila kiumbe hai mzima. Alikufa 1895, na miaka miwili baadaye, 1897, Mjerumani mmoja, Eduard Buchner, akamgeuzia meza, tena kwa bahati. Yeye na wenziwe walikuwa wakisaga hamira na mchanga na kuikamua kwa nguvu mpaka wanapata maji yake matupu yasiyo na seli hata moja nzima, walitaka kuyatumia kwa mambo ya dawa. Shida ni kwamba maji yale yalikuwa yanaharibika upesi. Basi wakafanya vile ungefanya wewe na maembe, wakatia sukari nyingi ili yasioze. Badala ya kutulia yakaanza kutoa mapovu. Hamna seli hai, na sukari inachachuka! Kumbe kazi yote ilikuwa inafanywa na enzaimu, ambazo hata seli ikifa zinaweza kuendelea kwa muda. Akapewa tuzo ya Nobel 1907. Mimi hadithi hii naipenda kwa sababu ni ya jikoni, mtu anatengeneza jamu anapata sayansi.

Sasa tuje kwako wewe. Nilisema kuna vipande vya mwili vinafanya kama hamira. Vya kwanza ni seli nyekundu za damu. Hizo hazina mitokondria kabisa, zimezitupa ili zipate nafasi ya kubebea oksijeni, na kwa hivyo zinaishi kwa ATP mbili mbili za glaikolisisi maisha yao yote. Ndo wanaobeba oksijeni na wenyewe hawaitumii, kama mpishi wa futari anayefunga.

Vya pili ni misuli, ukiitumia kwa ghafla na kwa nguvu. Vijana wakipiga makasia kwa kushindana, au wewe ukichelewa boti ukakimbia na ndoo mbili, damu haileti oksijeni kwa kasi ile inayotakiwa, na punda wanajaa. Bahati nzuri sisi hatutengenezi alkoholi, la sivyo mechi za mpira zingekuwa na mambo. Msuli unaichukua piruveti kama ilivyo, bila kutoa kaboni, unaitwika elektroni, inakuwa asidi ya laktiki. Faida ile ile ya mbili, na punda wanarudi watupu. Laktiki inatoka kwenye msuli inakwenda na damu mpaka kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa glukosi tena. Mzunguko huo waliuchora mke na mume, Gerty na Carl Cori, walipewa Nobel 1947.

Na nikiwa hapa, watu wa mazoezi husema maumivu ya siku ya pili ni laktiki imeganda kwenye miguu. Si kweli jamani. Laktiki inasafishwa ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Yale maumivu ya kesho yake ni nyuzi za msuli zimechanika kidogo kidogo na mwili unazikarabati. Massage inastarehesha, sikatai, lakini haikamui laktiki yoyote.

Haya, na oksijeni ikiwepo? Hapo piruveti haitupwi, inaingizwa ndani ya mitokondria. Mlangoni inakatwa kaboni moja, inatoka kama kaboni dayoksaidi, na kaboni mbili zilizobaki zinaungwa na kitu chenye kaboni nne, jumla sita, na hicho kinachopatikana ni asidi ya sitriki, ile ile inayofanya ndimu iwe kali. Alafu inazungushwa, inakatwa kaboni moja, inakatwa nyingine, inabaki nne, na ile nne inarudi kupokea mbili mpya. Ni duara. Hans Krebs aliliunganisha mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza, akitumia nyama ya kifua cha njiwa iliyosagwa, kwa sababu msuli wa kurukia wa ndege unafanya kazi hio kwa kasi sana. Alikuwa Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyefukuzwa kazi kwao 1933. Alipoandika ugunduzi wake akaupeleka kwa jarida la Nature, wakamrudishia kwamba nafasi zimejaa. Akachapisha kwingine, na 1953 akapata Nobel. Mwanao akirudishiwa insha mwambie hivyo.

Ukihesabu mpaka hapo kaboni zote sita za glukosi zimeshatoka kama kaboni dayoksaidi, na oksijeni bado haijaguswa! Hapa ndo watu wengi wanashtuka. Tunafikiri oksijeni tunayovuta inashikana na kaboni tunaitoa kama hewa chafu. Hapana. Oksijeni iliyomo kwenye ile hewa unayoitoa ilitoka kwenye sukari yenyewe na kwenye maji. Ile unayoivuta inaenda mahali pengine kabisa.

Inaenda kwa punda. Kwa glukosi moja wamejaa punda kumi wa NAD na wawili wa aina nyingine, na sasa wote wanapandisha mzigo kwenye ukuta wa ndani wa mitokondria. Pale elektroni zinapokelewa na protini moja, inampa ya pili, ya pili inampa ya tatu, kama watu waliojipanga kupasiana matofali, na kila zikishuka ngazi nguvu kidogo inatoka. Nguvu hio inatumika kusukuma protoni, chembe za hidrojeni zenye chaji, upande wa pili wa ukuta. Yaani hapo hakuna ATP inayoungwa moja kwa moja, inapandishwa protoni tu, kama pampu inapandisha maji kwenye tangi la juu ya dari. Tangi likijaa, protoni zinataka kurudi, na njia ni moja tu, protini fulani iliyochomekwa ukutani ambayo ina shina linalozunguka. Si mfano nakupigia hapa, inazunguka kweli kweli, zaidi ya mara mia kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja unaunga ATP tatu. Mwaka 1997 wanasayansi wa Japani waliibandika uzi unaong'aa wakautazama kwa hadubini, ukawa unazunguka kama panga la feni.

Aliyetoa wazo la tangi ni Mwingereza mmoja, Peter Mitchell, 1961, na wenziwe hawakumuamini kwa miaka mingi, wao walikuwa wakitafuta kemikali ya katikati ambayo haikuwepo. Akaugua vidonda vya tumbo, akaacha kazi chuoni, akahamia Cornwall, akakarabati jumba bovu akaweka maabara yake humo humo. Nobel ikamkuta 1978.

Na mwisho wa ule msururu wa wapasianaji, elektroni ikiwa imechoka haina nguvu tena, lazma kuwe na wa kuipokea aondoke nayo. Huyo ndo oksijeni. Anachukua elektroni, anashika protoni, anakuwa maji. Basi. Hio ndo kazi yote ya pumzi uliyovuta. Pumzi yako imegeuka maji, na hewa unayotoa ilikuwa hamri ulilokula.

Usidharau kazi yake kwa sababu iko mwisho. Yule wa mwisho akikosekana msururu wote unasimama na mikono imejaa, punda hawatui, na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wako lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu, hauna uwezo wa kuishi kwa ujanja wa hamira, dakika chache tu seli zinaanza kufa. Mfano tunao hapa pwani: muhogo mchungu. Wazee walikuwa wanauloweka na kuuanika kabla ya kuula, na ukiuliza kwa nini unaambiwa una sumu. Ile sumu ni sianidi, na kazi yake ni moja, inakaa kwenye protini ile ya mwisho kabisa inayomkabidhi oksijeni elektroni na kuifunga. Mtu anapumua, damu yake imejaa oksijeni, na seli zinakosa hewa mbele ya hewa.

Nguvu yote haikamatwi, hilo pia ulitaka kujua. Kati ya theluthi na nusu inaingia kwenye ATP, inategemea umepima vipi, na inayobaki ni joto. Ndo linalokuweka nyuzi 37. Mtu mmoja aliyekaa tu kimya anatoa joto linalokaribia lile la balbu ya zamani ya wati mia. Sasa hebu fikiria usiku wa Maulidi pale msikiti wa Riyadha, watu bega kwa bega, kila mtu ni balbu, alafu mtu analaumu feni.

Turudi jikoni. Umeniuliza kwa nini miezi ya kusi unga unachelewa kuumuka. Ni enzaimu hizo hizo, zinapenda joto, kukiwa na baridi ya alfajiri zinajikokota, weka donge karibu na jiko au tumia tui la vuguvugu. Vuguvugu! Mimi nilipokuwa naishi peke yangu nilimwagia hamira maji yaliyotoka kuchemka nikidhani naiharakisha, nikaja kukaanga mawe. Ikipita nyuzi 55 hivi inaanza kufa. Na ukizidisha sukari ili yawe matamu unachelewa vile vile, sukari nyingi inaivuta hamira maji yake inabaki imenywea. Pia sukari ya dukani haiingii kama ilivyo, ni glukosi na fruktosi, ile sukari ya matunda, zimefungwa pamoja, hamira inatoa enzaimu nje ya mwili wake kuzitenganisha kwanza. Hio inafanyika haraka, usijali.

Na bintiyo mpe kazi hii. Achukue chupa tatu za maji, kila moja kijiko cha hamira na maji ya vuguvugu. Ya kwanza atie sukari vijiko viwili, ya pili asitie kitu, ya tatu atie sukari lakini badala ya vuguvugu maji yawe ya moto yaliyotoka kuchemka. Avishe kila mdomo puto, angoje nusu saa. Alafu atafute chokaa, Lamu haikosi chokaa, iwe mpya si iliyokaa wazi miezi, aikoroge kwenye maji, aiache itulie, achukue yale maji maangavu ya juu yaliyo safi kama ya kunywa lakini asinywe, yanaunguza. Kwenye glasi moja apulize pumzi yake kwa mrija taratibu, kupuliza tu asivute. Kwenye nyingine aikamulie hewa ya puto la kwanza kwa mrija. Zote mbili zitageuka kama maziwa. Hewa yake na hewa ya hamira ni moja.

Kitu kimoja tu, ile chupa ya pili isiyo na sukari puto lake pengine litainuka kidogo. Asidhani amekosea. Hamira nayo hujiwekea akiba ndani yake, na ikikuta hakuna kitu inaila ile kwanza.